Nilivyompa Baba Babu Nyani

Mpunga ukianza kutia maziwa, kijiji chetu cha Salale chote kinanukia uji wa mtoto, na nyani nao wana pua. Msimu ule, mitumba ndiyo imeanza kumwagika huku kwetu, walikuja nyani wengi mpaka jua likafifia, na mmoja wao, haki ya Mungu, kavaa shati la mjini. Jumamosi na Jumapili mimi na dada Mwajuma tulishinda dunguni, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, tukiwafukuza. Siku nyingine tuko shule. Mimi la tano, kazi yangu kuchekesha. Dada la saba, anajua kitabu mpaka walimu wanamwuliza yeye.

Siku moja mwalimu wa historia akachora ubaoni mtu kainama, wa pili kainuka kidogo, wa tatu kasimama wima. Akasema wataalamu wanasema tumetokana na jamii ya nyani. Akasema vilevile Mungu alimwumba Adamu kwa udongo, "na hilo mmeshalisoma chuoni kwenye Kurani, sitaki kuwagombanisha na wazee wenu." Nakumbuka vizuri, maana ndilo nililolidondosha njiani. Jioni, majirani wamejaa uani, nikatangaza: "Baba, mwalimu kasema babu yako alikuwa na mkia! Tena kamchora!" Nikatambaa, nikajikuna kwapani. Watu wakacheka mpaka bakuli la mchuzi likapinduka. Baba hakucheka.

"Na Mungu je? Hakumtaja?"

"Hakumtaja."

Dada akaingilia, "Baba, hata sisi tulisomeshwa hivyo tulipokuwa la tano. Mwalimu anasema yote mawili."

"Kumbe na wewe umeshalishwa! Basi kama nyani ni wajomba zenu, nendeni mkakae nao."

Kesho yake tukahamia dunguni. Mwalimu akatufuata kwa mtumbwi, suruali imelowa mpaka magotini, akamkuta na Baba. "Mzee, sikumkana Mungu. Mwulize mtoto." Wote wakanigeukia. Mimi, ambaye hata nikilala mdomo unabaki unazungumza, nikatazama mpunga. Baba akamwambia mwalimu safari njema. Mpunga ukavunwa, hatukurudishwa shule. Mtihani wa la saba ulipofika, dada alikuwa kinuni anatwanga.

Siku hizi naishi Kibiti, na kitinda mimba wangu kaja na daftari lenye hadithi zote mbili. "Mama, ipi kweli?" Barazani wanabishana: huyu anasema ya dini yabaki chuoni, yule anasema yaingie darasani. Mimi sina kitabu cha kuamua. Nimemwambia mwanangu, ukitoka shule leta yote, usipunguze hata moja. Dada yuko Nyamwage, anauza mihogo kando ya barabara, na kila nikienda ananijazia kapu. Nimeshatunga majibu arobaini, yote ya kuchekesha, ya siku atakaponiuliza kwa nini nilinyamaza. Haulizi.