Pini ya Gurudumu la Nyuma

Mwezi uliopita nilitoka Kilosa kwenda Mikumi msibani, na niliposhuka tu barabara kuu nikapokewa na harufu ya grisi. Fundi mmoja alikuwa amelinyanyua tela kwa majeki, ameyavua magurudumu. Ungeniona ungecheka, mwenzangu: mtu mzima, nimevaa nguo za msiba, nimeganda kando ya lami nahesabu pini za mtu nisiyemjua.

Gereji ya baba ilikuwa hapo jirani, uwanja wa udongo uliokuwa mweusi kwa mafuta. Malori ya kutoka Zambia yalisimama kwetu kabla ya kuvuka hifadhi, kwa sababu kule ndani si mahali pa kushuka na kufungua gurudumu. Baba alipitisha mgongo wa kiganja kwenye kila habu, pale katikati gurudumu linapozungukia. Ikiwa ya moto, tela lilipanda jeki. Mimi niliosha beringi, vile vyuma vya ndani ya habu, kwa dizeli na kuzipanga juu ya gunia safi, kila moja na gurudumu lake. Mama alizishindilia grisi kwa kiganja, kwa nguvu zile zile alizokandia unga wa chapati, mpaka itokeze upande wa pili. Chapati zetu zilinukia dizeli kidogo. Mpaka leo nikila zisizo na harufu hiyo naona zimepungukiwa kitu.

Kazi ya mwisho ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa na vidole vyembamba. Baba akishakaza nati kubwa, mimi nilipitisha pini ya chuma yenye miguu miwili, nikaikunja kwa plaizi ili nati isijifungue njiani, kisha nikafunga kofia ya habu. Kofia ikishafungwa, hakuna anayeona kilichomo ndani. Ndiyo maana baba alikuwa na sheria moja: mwenye pini mkononi hasalimii mtu mpaka amalize. Wateja walimtania kwamba analea watoto wasio na adabu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku bibi, mama yake baba, aliposhuka kutoka Vidunda na mkungu wa ndizi kichwani. Wewe uliyelelewa huku unajua, bibi yule hakuwa wa kusalimiwa umechuchumaa. Alisimama, akanitazama, akangoja. Nikaichomeka pini kwenye pindo la kanga, nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo humu?"

Nikampokea mkungu, nikaupeleka jikoni. Niliporudi, mkono ukaenda wenyewe kwenye kofia. Nikaifunga. Muda si mrefu lori likawashwa, likashika njia ya Morogoro.

Nilikuwa jikoni najifunga kanga upya pini ilipoanguka kwenye sakafu. Niseme ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kuitupa chooni. Lakini dereva yule aliniletea biskuti kila safari, na utingo wake alikuwa kijana aliyependa kuimba. Nikaenda kwa baba, nikafungua kiganja chenye pini.

"Gurudumu lipi?"

"La nyuma, kushoto."

Simu ya dereva haikupatikana. Kule hifadhini mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Baba akaazima pikipiki ya jirani, akachukua spana na pini ile ile, akaondoka. Hapo hofu yangu ikawa mbili. Tembo na nyati hukatiza barabara ile watakavyo, na mtu wa pikipiki hana hata kioo cha kujikinga. Nilikuwa nimewaweka wanaume watatu hatarini kwa goti moja.

Mama aliendelea kushindilia grisi beringi moja tu, tena na tena. Bibi alikaa mkekani bila kumenya hata ndizi. Kila pikipiki iliyounguruma niliinuka, na kila ilipopita nilikaa tena, nimechoka kama niliyelima.

Baba alirudi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, akihangaika kufungua kofia ngumu ya pikipiki. Alilikuta lori Doma, ng'ambo ya hifadhi, dereva anakunywa chai.

"Nati ilishaanza kujifungua," alisema. Hakunichapa. Ningefurahi angenichapa. Kesho yake alinipa pini nyingine, akageuka kuendelea na kazi.

Uwanja ule sasa ni nyumba ya wageni. Baba ametangulia, bibi naye. Hatukulizungumza tena jambo lile, ila tangu siku hiyo bibi akinikuta nimechuchumaa kwenye gurudumu alisimama kando, mzigo kichwani, akangoja nimalize. Mara ya mwisho aliposhuka kutoka Vidunda miguu ilikuwa inamtetemeka, nami nilikuwa msichana mkubwa. Nilitaka kutupa kila kitu nikampokee. Akatikisa kichwa, akanionyesha gurudumu kwa kidevu. Nikaikunja pini miguu yote miwili, nikafunga kofia, ndipo nikapiga goti.

Sijui kama Vidunda nzima kuna bibi mwingine aliyewahi kumngoja mtoto amalize kazi ndipo aipate shikamoo yake. Wangu alingoja, juani, kwa ajili ya madereva asiowajua.