Kidari cha Krismasi

Televisheni ilipanda mlimani kwetu Kilema juu ya keria ya gari la mwanangu mkubwa, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Ile ilikuwa miaka ambayo kila aliyefanya biashara Dar alitaka kurudi Krismasi na kitu cha kuwanyamazisha majirani. Sikukataa. Nilijivunia. Jua halijazama, nusu ya kijiji ilikuwa sebuleni kwangu, na wale waliosema nimezaa wajinga walikuwa chini kwenye jamvi, kimya.

Tukaangalia Krismasi ya Wamarekani. Theluji kila mahali, na watu wanaiimbia. Yetu iko pale juu mlimani, tunaiona tukienda kukata majani ya ng'ombe, hakuna aliyewahi kuitungia wimbo. Halafu wakakaa mezani. Baba wa nyumba, amevaa sweta jekundu, akasimama na kisu kirefu akamkata ndege wa kuokwa, mnene kama mwanambuzi, na watoto wake wakapiga makofi.

"Mama, kesho na sisi tule hivyo," mwanangu akasema. "Wote mezani. Siyo huyu jikoni, yule migombani."

"Meza yenyewe ina mguu mbovu."

Mkewe akacheka. "Mama naye! Tutaiegemeza kwa tofali."

Kesho yake, baada ya misa, mbuzi akachinjwa. Kwetu kidari cha mbuzi ni cha baba mwenye boma. Mwana mkubwa anakichoma, anampelekea kikiwa kizima, na mzee ndiye anayekikata na kugawa. Mwana hukikata mwenyewe akishamzika baba yake. Mwanangu alilijua hilo kabla hajang'oka meno ya utoto.

Mume wangu walimkalisha pembeni ya meza, na koti lake la kanisani. Kidari kikaletwa kwenye sinia. Mwanangu akasimama. Alikuwa amevaa sweta katika jua la Desemba, jasho linamtiririka shingoni. Akashika kisu, akawatazama wanawe, akakata.

Watoto wakapiga makofi, kama walivyoona.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaweka chini kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. "Wewe, huyu aliyekaa hapa ni nani?"

"Baba mdogo, ni sherehe tu. Kwenye televisheni..."

"Sikukuuliza televisheni."

Mkwe wangu akamwekea mzee kipande kwenye sahani. "Babu, kula kingali cha moto."

Mume wangu akala. Alikila chote, taratibu, akanyonya mfupa, akafuta mdomo.

"Nyama ya matanga yangu ni tamu," akasema. "Wachache wanaobahatika kuionja."

Akamgeukia mwanangu. "Umesharithi. Kile kiwanja cha juu ya mfereji ulichotaka kujenga nyumba, atakilima mdogo wako. Marehemu hagawi mara mbili."

Mwanangu alidhani ni hasira za siku moja. Mwezi uliofuata mdogo wake alikuwa ameshapanda migomba pale, mpaka kwenye mpaka.

Pasaka mwanangu mkubwa akarudi na wazee wa ukoo, mtungi wa mbege, na jani la sale mkononi. Aliyeletewa sale huku mlimani hana njia ila asamehe, hata kama ameuliwa mtoto. Mwanangu akapiga magoti uani, suruali nzuri kwenye tope, akamnyooshea baba yake lile jani.

Mume wangu alikunywa mbege kwanza. Akaisifu. Kisha akasema, "Sale anapelekewa mtu aliye hai."

Wazee wakatazamana.

Padri alikuja kuniambia baadaye kwamba mama ana nafasi yake. Ninayo. Siku ile ile ya sale mwanangu alinifuata jikoni, macho mekundu, jani bado mkononi, ameshindwa hata kulitupa.

"Mama, sema naye. Wewe atakusikia."

Nilikuwa namenya ndizi. Sikuacha kumenya.

"Niseme na nani, baba?" nikamwambia. "Mimi ni mjane."