Mubirizi wa Riziki

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimehama miji mingi tangu hapo: siku dada yangu Riziki aliporudishwa kwetu Rugenge na godoro lake, bila mtoto wake Bahati.

Alikuwa ameolewa Kamanyola. Kila mwezi, siku chache kabla ya damu kuja, matiti yalimuuma, alilia bila sababu, akafoka hata kwa kuku. Mama mkwe wake alimpondea majani ya mubirizi, yale machungu tunayoyajua sote, akamnywesha maji yake. Damu ikija, Riziki anatulia, majani yanasifiwa. Mwezi unaofuata, mateso yaleyale.

"Minye nilimupa dawa kwa mikono yangu," mama mkwe alituambia sebuleni siku hiyo alipomrudisha, soda yake haijaguswa. "Mabinti yangu yote ilibaponya. Huyu tu! Mubirizi hauna kosa, Mama Riziki. Muntu ndiye iko na roho mubaya."

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, mdomo wangu haukujua kutulia. Nikauliza, "Na mwezi asipokunywa, inakuwaka aje?"

"Mwezi gani huo? Minye nasimamaka hapo mpaka anameza!"

"Inapitaka yenyewe, mama," Riziki akasema, macho chini. "Damu ikikuja, inapita."

"Nyamaza," baba akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na weye, masomo yako peleka kwa mwalimu."

Shauri likaishia hapo. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, na kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo uliowatoa, kwa hiyo Bahati, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akabaki kwa baba yake.

Miaka mingi baadaye, nikiuza vitambaa Bujumbura (kukaa mahali pamoja sikuwahi kuweza), nilimuuliza daktari mmoja mwanamke. Alisema mateso yanayoondoka yenyewe kila mwezi huipa sifa dawa yoyote iliyo karibu. Ndiyo maana watafiti hugawa wanawake makundi mawili: hawa wanapewa mmea, wale kitu kinachofanana nao kisicho dawa, bila wao kujua. Na hata wale, wengi husema wamepata nafuu. Mimea michache ya nchi za mbali imeonekana kusaidia kidogo, ila utafiti wenyewe bado ni mdogo. Mubirizi kwa shida hii? Hakujua aliyewahi kuupima hivyo. Mateso makali kama ya Riziki, alisema, yanajulikana hospitalini na yana matibabu.

Nilirudi kumpa Riziki habari hizo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bahati alikuja juzi," akasema. "Aliniita tante, kama shangazi tu."

Sina maneno matamu ya kufunika hilo, mwanangu. Ukitaka majani, kunywa kwa hiari yako, na umwambie daktari, maana majani mengine hugombana na vidonge. Miezi kadhaa unywe, miezi kadhaa uache, uone kama kuna tofauti. Jani lisiposaidia, lililoshindwa ni jani. Usimkubalie mtu anayesema ni roho yako. Na siku utakapokuwa mama mkwe, muulize mke wa mwanao anasikiaje kabla hujaponda chochote.

Mungu akupe nyumba ambamo ukisema unaumwa unaaminiwa, na watoto uliowazaa wakuite mama.