Agnetha na holda isiyotaka mate

Saa kumi na mbili asubuhi, Nyahanga, mjini Kahama. Madereva wa michomoko, yale magari madogo yanayobeba abiria kwenda Masumbwe na machimboni, wanakunywa chai. Agnetha Bujiku (38) hanywi. Ameshika kitambaa kilicholowa spiriti, anasugua kioo cha mbele kana kwamba kimemkosea.

"Mwangaluka, Mama Loveness! Unaosha gari au unalifanyia upasuaji?" Fredy, dereva mwenzake, anamsalimu kwa Kisukuma na kumtania.

"Mwangaluka. Kunywa chai yako, baba," anajibu bila kugeuka.

Kwa siku kumi na tisa amesimamishwa kupakia abiria hapa, kisa holda: kile kishikio cha simu chenye mpira unaonyonya kioo. Mwenyekiti wa madereva, Edward Masudi, amempa sharti moja ili arudi kwenye foleni. Aing'oe, aendeshe bila ramani ya simu.

Agnetha hataki, na sababu anayo. Kila rashi mpya, yaani eneo ambako dhahabu imeonekana juzijuzi na watu wakakimbilia, huwa porini kusiko na kibao. Wanaume wakipotea husimama wakauliza. Yeye wachimbaji humtumia ramani, naye huifuata hapo kwenye kioo, mikono yote kwenye usukani.

"Mwanamke peke yangu nisimame porini niulize njia? Hapo si nimeshamtangazia kila mtu kwamba nimepotea? Sisimami, na sioni aibu kusema."

Kosa alilifanya, wala halifichi. Hapa kijiweni, dereva akibandika holda huutemea mate mpira wake kwanza, ndivyo walivyozoea. Naye alitema. Njia ya Ushetu ina vumbi na makorongo. Mate yakakauka, holda ikaachia, simu ikaanguka miguuni. Akainama kuiokota. Aliponyanyuka, gari lilikuwa katikati ya shamba la tumbaku. Abiria wanne walishuka wazima, bampa ikabaki matutani.

"Ajali ilinitisha," anasema. "Lakini kilichoniuma ni maneno ya hapa. Eti mwanamke na usukani wapi na wapi. Mbona mate nilijifunza kwao?"

Siku zote hizo aliuza maandazi. Barabarani, siku njema humwachia shilingi 25,000 baada ya mafuta na hesabu ya tajiri wa gari. Maandazi hayakufikisha hata 6,000. Jirani yake Philomena, fundi simu, ndiye aliyemwelekeza: kioo kipanguswe kwa spiriti, mpira uoshwe kwa sabuni, vyote vikauke kabisa ndipo ubandike.

Sasa anabandika, chini pembeni, pasipoziba barabara. Anabana kishikizo, kile kinachokaza mpira kwenye kioo, kisha anaita.

"Mwenyekiti, shikamoo. Njoo uvute."

"Marahaba. Nivute nini?"

"Holda. Ikitoka, narudi kwenye maandazi na hamtaniona tena. Isipotoka, napakia."

Edward anavuta kwa mkono mmoja. Anavuta kwa miwili. Gari linayumba, vikombe vya chai vinawekwa chini, holda iko palepale.

"Umeweka gundi wewe!"

Agnetha anafungua kishikizo, anaingiza ukucha pembeni mwa mpira. Holda inaachia yenyewe. Anaionyesha kwa wote, safi, kisha anaibandika tena.

"Haya, pakia," anasema Edward akifuta jasho. "Ila utakuwa wa mwisho."

"Nimefika wa tatu, Mwenyekiti. Napakia wa tatu."

Na anapakia wa tatu. Huku abiria wakiingia, ananieleza mpango wake: kununua mchomoko wake mwenyewe, kisha amfundishe udereva mdogo wake, Rebeka. "Hapa watatuzoea tu," anasema. "Wasipotuzoea, shauri yao."

Kabla hajawasha gari, Fredy anakuja na holda yake mkononi, anaomba spiriti kidogo.

"Nakupa," anasema Agnetha. "Ila kwanza sema kwa sauti wakusikie. Mimi shambani nilipelekwa na nini?"

Fredy anatazama vumbi miguuni pake, kisha wenzake.

"Mate," anasema.

Agnetha anampa chupa, anawasha gari.