Nukta Kati ya Walter na Mzee wa Queensburgh

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu, rula, na kikombe cha chai ambacho sikukinywa, maana sikujua kama ni changu. Ilikuwa nyumba ya zamani kule juu mtaa wa Berea, yenye veranda na mbwa mzee, na ndani yake mama mmoja Mzungu mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Alikuwa mtafiti wa koo. Watu walimletea jina la babu yao, naye akarudi nyuma na jina hilo mpaka Uingereza, mpaka pale karatasi zinapokwisha. Tulimwita Madam. Alinichukua kwa sababu aliona kibao nilichomchorea mke wangu, Mama Riziki, kwenye saluni yake mtaa wa Greyville, akauliza mkono ule ni wa nani.

Nawaandikia vijana wa kanisa letu, kwa sababu ninyi ndio mnaonicheka. "Papa Riziki alikuwa anatafutia Wazungu mababu." Ndiyo, nilikuwa nawatafutia. Shule nilifika darasa la sita, kwetu Uvira, kwa hiyo nikieleza vibaya mnirekebishe. Lakini sitaomba radhi kwa kazi yenyewe.

Kusoma karatasi ilikuwa kazi ya Madam, maana nyingi ziko kwa Kilatini. Mimi nilichora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa kama meza: baba juu, watoto chini, mistari katikati. Sheria ya kwanza aliyonifundisha ni ya mistari. Mstari mzima unachorwa mahali penye mashahidi wawili wasiotoka nyumba moja. Wakipungua, unachora nukta. Na anayechora mstari anaandika herufi za jina lake, ndogo, pale mstari unapoishia.

"Za nini, Madam?"

"Ili wakija kugombana wajue mlango wa kubisha."

Kazi iliyotuchukua muda kuliko zote ilikuwa ya Walter wa Eldmere. Huyu alikuwa mshika ardhi wa zamani sana huko Uingereza. Nasema mshika, sisemi mwenye, kwa sababu ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme. Wakubwa waliishika kutoka kwake, na watu kama Walter waliishika kutoka kwa wakubwa, kwa sharti la kwenda vitani wakiitwa. Walter alishika vijiji viwili, na cha pili kililetwa na mkewe, Isolda. Nataka mkumbuke jina la huyo mama, maana aliyetuagiza kazi aliruka moja kwa moja kwa mume.

Walter alikufa mtoto wake Hugh akiwa mdogo. Kwa sheria yao, mrithi mdogo hashiki kitu. Bwana wa juu anakula mavuno mpaka mtoto akue. Kwa hiyo Hugh alipokua ilibidi athibitishe umri wake, na cheti cha kuzaliwa hakikuwepo duniani. Walifanyaje? Waliita majirani. Kila mmoja alisimama akaeleza anajuaje kwamba huyu alizaliwa wakati ule. Mmoja alisema siku ya ubatizo alianguka kutoka paa la ghala akavunjika mguu. Mwingine alisema wiki ile ile alimzika mama yake.

Madam aliponisomea hayo niliweka kalamu chini. Mimi nilipofika nchi hii, afisa wa karatasi za wakimbizi aliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nikamwambia nilizaliwa msimu ule ziwa lilipopanda mpaka sokoni. Akacheka, akaniandikia tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia wenzangu kwenye foleni. Simlaumu peke yake, foleni ilikuwa ndefu. Lakini Walter, mtu wa vijiji viwili, mtoto wake alithibitishwa na mguu wa jirani, na hakuna aliyecheka.

"Usifurahi mapema," Madam alisema. "Wengine walidanganya. Ukisoma kesi nyingi utakuta mguu ule ule unavunjika kila kijiji. Ndiyo maana tunataka wawili."

Madam alipozeeka alihamia kwa binti yake Cape Town, na biro, yaani ofisi yake, ikachukuliwa na mtoto wa kaka yake. Huyo nitamwita Meneja. Alituhamishia Greyville, ghorofani, dirisha linaangalia uwanja wa farasi. Nimseme kwa haki: alinifundisha kompyuta bila kunidharau, na Riziki alipougua alitupeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Tulikosana juu ya mstari mmoja tu.

Aliyeagiza mti wa Walter alikuwa mzee mmoja wa Queensburgh, fundi mitambo aliyestaafu, mwenye jina la ukoo la Eldmere. Ukoo wake tuliupanda vizuri, kizazi juu ya kizazi. Ukoo wa Walter tuliushusha vizuri kupitia Hugh na wajukuu. Katikati palibaki vizazi visivyo na karatasi yoyote. Hapo nilichora nukta.

Meneja aliinama juu ya karatasi. "Papa, kazi nzuri sana. Lakini hapa katikati pana ukurutu. Unganisha."

"Hakuna mashahidi."

"Jina ni lile lile, kijiji ni kile kile. Unataka nini, video?"

"Madam alisema wawili."

"Shangazi yuko Cape Town anapanda maua."

"Sheria yake haikuhama naye."

Akakaa. "Jumamosi mzee ana sherehe, amealika ukoo mzima. Nimwambie pana shimo?"

"Shimo lipo."

"Nitampa mtu mwingine achore."

"Achore. Aandike na herufi za jina lake pembeni."

"Eish, Papa. Unanifanya mimi ndiye mbaya." Akageukia dirisha la farasi. "Basi utaupeleka mwenyewe, na utaeleza mwenyewe. Akiukataa, Jumatatu usije."

Nyumbani Mama Riziki alisikiliza huku anasuka kichwa cha mteja. "Chora tu huo mstari. Hao watu walikufa zamani, mbele sabuni haijakuja."

"Ndiyo maana hawawezi kukataa wakisingiziwa mtoto."

"Na sisi tutakula nukta?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Jumamosi nilipanda teksi ya Queensburgh na karatasi yangu imeviringishwa ndani ya bomba.

Kulikuwa na moshi wa nyama na watu wengi kwenye bustani. Mzee alitandaza mti juu ya meza, akapitisha kidole kutoka jina lake kwenda juu, polepole, akinong'ona majina, mpaka kidole kikafika kwenye nukta kikasimama.

"Hii ni nini?"

"Hapo hatujui, mzee."

"Maisha yangu yote nimewaambia wanangu tunatoka kwa huyu."

"Huenda ni kweli. Mimi sijui, na wewe hujui."

Mkwe wake, mwenye sahani mkononi, akasema, "Na huyu wa kutoka wapi ndiye atatuambia sisi ni nani?"

"Kutoka Uvira," nikamwambia. "Na sijawaambia ninyi ni nani. Nimewaambia tunapoishia kujua."

Mzee alitoa kalamu mfukoni mwa shati. Akanyoosha mkono, nikampa rula, maana mstari uliopinda ungeniuma zaidi. Akaunganisha nukta mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Nilisubiri makofi yaishe.

"Herufi za jina lako, mzee. Mwishoni mwa mstari."

Aliniangalia sana. Kisha aliandika. Nampa heshima kwa hilo. Mlango wa kubisha upo, na ni wake.

Hata hivyo alimpigia Meneja kulalamika. Jumatatu nilikuta keki mezani imeandikwa nimestaafu. Tulikula wote wawili, na yeye hakuweza kuniangalia machoni. Mkiulizwa, semeni kweli: sikustaafu, niliachishwa kwa sababu ya mstari. Labda nilikosea. Labda iko karatasi mahali fulani inayosema mzee alikuwa na haki. Ikipatikana nitachora mstari huo bila kulipwa. Kabla ya hapo, sichori.

Sasa nachorea watu wetu, kwenye meza ya nyuma ya saluni. Wanasema, papa, karatasi zetu ziliungua, utachora nini? Nawaambia Hugh wa vijiji viwili hakuwa na karatasi pia. Leteni majirani.

Na mnaojua kwamba ukoo wangu mwenyewe nao ulikuwa na nukta, kati ya baba na mimi, mlicheka sana. Dada yangu mkubwa aliniambia kwenye simu kutoka Uvira, "Mimi nilikubeba mgongoni, unaniweka nukta?" Nikamwambia wewe ni shahidi mmoja, na ni wa nyumba yetu. Akakata simu.

Mwaka huu Koko Faida, bibi aliyekuwa jirani yetu Uvira, amefika kuishi na mjukuu wake hapa Greyville. Nilimpa chai, nikamuuliza kama anakumbuka kuzaliwa kwangu. Sikumsaidia hata neno.

"Weye? Mama alinituma chumvi kwenu," alisema. "Baba yako alikaa mulangoni, akanikatalia: mke wangu anazaa, hakuna kuingia, rudia kesho. Samaki zetu zikaoza, nikapigwa. Mi naweza sahau mambo mengi, hiyo fimbo hapana."

Dada na jirani: wawili, nyumba mbili. Nilitafuta rula. Nilichora mstari mzima kutoka kwa baba mpaka kwangu, nikaandika herufi zangu mwishoni. Mahali pa tarehe sikuandika Januari. Niliandika: siku ya chumvi.