Aproni ya Mkate Mtamu

Mikono ya mama mkwe wa Nélida haikauki maji. Kila Krismasi, joto la kiangazi la mji wa Rosario likiwa halina huruma, humgandishia mwanawe Ezequiel, mume wa Nélida, aiskrimu ya mayai na pichi, maana mkate na keki za wengine haviwezi: chembe moja ya ngano humlaza siku tatu. Sufuria huisugua mara mbili. Mwiko huuchemsha. Hata ute wa mayai huupiga amebana pumzi, kana kwamba pumzi nazo zina unga. Na bado, kila mwaka, sikukuu ikipita Ezequiel hujikunja kwa maumivu, na mama huuliza bila kumtazama mkwewe, “Huko kwako unamlisha nini, wewe?”

Mwaka huu Nélida alikaa jikoni tangu asubuhi, akitazama. Mama mkwe alikanda mkate mtamu wa wageni, akanawa hadi viwiko, akachemsha mwiko, akaufuta kwa aproni ile ile aliyoivaa akikanda mkate, kisha akaukorogea krimu ya aiskrimu ya Ezequiel.

“Mama,” Nélida akasema. “Aproni.”

Mama mkwe akajitazama. Unga ulikuwa umetanda kutoka kifuani hadi magotini. Midomo ikamchezacheza kama anayehesabu miaka. Kisha akaimwaga krimu yote kwenye sinki.

“Mwambie Ezequiel umeme ulikatika, ikaharibika,” akasema kwa sauti ndogo. “Nisitiri, mwanangu.”

Akanawa. Mikono, kwa mazoea, ikaifuata aproni, ikakwama hewani, ikichuruzika maji.