Mtu Asiye na Mtani

Juzi nilikwenda hospitali kumtazama mtoto wa dada yangu, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Kitanda cha pili yake alilala Msukuma mmoja mnene. Mara akaingia mama wa Kizaramo na kikapu chake, hata salamu hakutoa. "Wewe bado upo tu? Na mimi nimekuja na sanda kabisa!" Mgonjwa akacheka mpaka akashika mshono. Nesi, binti mdogo tu, akaja mbio macho yamemtoka, akamwamuru yule mama atoke, eti wodini si mahali pa kutukana wagonjwa. Nilitaka kumtetea Mzaramo mwenzangu, lakini kicheko kilinibana, na kabla kicheko hakijaisha yakaja machozi. Mpwa wangu akadhani namlilia yeye. Nikamwacha adhani hivyo.

Wewe nitakwambia ukweli. Nilimlilia babu yangu.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo ya zamani, ile ya nyumba za udongo na makuti, yenye minazi kuliko watu. Babu yangu wa damu sikumkuta. Nililelewa na bibi, mzaa mama, Mzaramo mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokwisha, mimi nilikuwa nang'oka meno ya mbele. Watu wazima walisema vita vimekwisha, lakini mimi niliona havijaisha, kwa sababu majeruhi walikuwa bado wapo. Walilala kwenye mabanda karibu na lile jengo kubwa la Wajerumani lililokuja kuwa soko, askari wachache na wapagazi wengi, wale waliobeba risasi na unga wa jeshi porini. Wazima walikuwa wanarudishwa makwao. Wenye vidonda walisubiri kupona.

Hakuna aliyewaagiza wanawake wa mtaani kwetu kwenda kule. Ilianza asubuhi moja bibi akitoka Feri na samaki wake. Alipita karibu na mabanda akasikia mtu analalamika kwa Kinyamwezi. Unajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani humwachii akalalamika peke yake. Bibi akatua kikapu, akaingia, akauliza kwa sauti ni Mnyamwezi gani huyo anayewanyima watu usingizi kwenye mji wa wenyewe. Yule mgonjwa, mguu wote bandeji, akajibu kwamba hakujua kama Wazaramo huamka mapema hivyo. Wakacheka wote wawili. Kesho yake bibi alirudi na chungu cha uji.

Baada ya hapo uani kwetu hapakutulia. Kabla jua halijatoka nilisikia michi ikitwanga mtama, mama huyu na yule wakipokezana, halafu kukuna nazi, halafu harufu ya tangawizi. Uji ulitiwa sukari guru kutoka duka la Mwarabu wa kona, ambaye alitupa mabonge makubwa akidai yameanguka chini yakachafuka. Ajabu ni kwamba yalianguka kila siku. Mchana tulipeleka bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki. Jioni nilifua vitambaa vya vidonda na kuvianika juu ya ua. Vilikuwa kanga kuukuu zilizochanwa, na ilifika mahali nikaijua kanga ya kila mama wa mtaa kwa kuikuta imefungwa kwenye mguu wa mtu.

Na wagonjwa waligawanywa kwa utani. Bibi na wenzake wakachukua Wanyamwezi na Wasukuma. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kingoni mwenye mikono mikubwa na moyo laini, akachukua Wahehe, maana hao na watu wake walipigana mpaka wakawa watani. Walioingia na bakuli waliingia na matusi. "Kula, unasubiri mzigo wa nani hapa?" Na mgonjwa naye hujibu: "Uji gani huu umeungua? Au mlisikia ngoma mkakimbia?" Dresa, mfunga vidonda wa pale, mtu mkimya aliyetoka bara, mwanzoni alitufukuza. Baadaye akaona wanaotukanwa ndio wanaoinuka haraka, na tukichelewa akawa anatoka mlangoni kuuliza leo mbona hakuna matusi.

Sasa palikuwa na mtu mmoja kwenye kona. Mguu wake ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alitoka mbali, ng'ambo ya ziwa kule kusini, katika kabila ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia. Kidonda chenyewe kilikuwa kinakauka vizuri, lakini yeye hakula. Aligeukia ukuta wa makuti akakaa hivyo kutwa. Kila aliyepita alimpa pole. Pole baba, pole sana, Mungu atakusaidia. Na kwa kila pole alizidi kujikunja. Dresa akamwambia bibi waziwazi: "Huyu ana siku chache. Dawa ninayo, ila tumbo tupu halitibiki."

Bibi alirudi nyumbani amenuna. "Pole ndizo zinazomuua," alisema. "Wenzake wanatukanwa kama watu, yeye anaonewa huruma kama maiti." Lakini angefanyaje? Maneno yale yale ambayo kwa mtani ni dawa, kwa asiye mtani ni tusi la kupigania. Mtu yule alikuwa anakufa kwa kukosa wa kumtukana, na hakuna mtu katika mji mzima aliyekuwa na haki hiyo.

Jirani yetu Mngoni akajitolea. Alipiga hesabu zake: kama kwao ni ng'ambo ya ziwa, basi lazima Wangoni walipita wakawanyang'anya ng'ombe, na kama walinyang'anywa ng'ombe basi ni watani. Akamwendea akamwambia kwa sauti kubwa, mbele ya banda zima, kwamba hata mguu umemkimbia kwa uvivu wake. Wote tulingoja kicheko. Yule mtu alimtazama, akalisukuma bakuli, uji ukamwagika wote, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Jirani yetu alilia njia nzima. Kwa siku mbili hakutoka nje kwa aibu, na bibi ndiye aliyempelekea chakula chumbani.

Asubuhi ya tatu bibi aliniamsha, akanifunga kanga safi, akaninawisha uso kwa nguvu zaidi ya kawaida. "Leo unakwenda kwa babu yako," akasema.

"Babu yupi?"

"Yule wa kwenye kona. Kuanzia leo wewe ni mjukuu wake. Na ukifika, ole wako umpe pole!"

Bibi hakujua desturi za kwao yule mtu, lugha yao wala mila zao. Aliweka tegemeo lake lote kwenye jambo moja, kwamba haiwezekani duniani pakawa na nchi ambako mjukuu hamtanii babu yake. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na mjukuu humjibu babu vyovyote anavyotaka, hakuna anayekasirika. Kama kwao si hivyo, mimi ndiye ningekuwa mtu wa mwisho kumtukana kabla hajafa. Hilo nililielewa baadaye sana. Siku ile niliogopa ndevu tu.

Nilisimama mbele ya kitanda na bakuli langu. "Shikamoo, babu." Wanawake wote walikuwa wamejibanza nyuma ya kiambaza, nilisikia wanavyohema. Yale maneno niliyofundishwa njiani yalinitoka kichwani yote. Nikasema yaliyokuja. "Bibi amesema wewe ni mume wangu. Mimi sikutaki. Ndevu zako chafu, na huniitikii."

Kichwa kikageuka polepole. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha kambini, "Nani anataka wewe? Mke gani huyu, hapana meno?"

Nyuma ya kiambaza mtu mmoja alianza kucheka akazibwa mdomo. Mimi nilikasirika kweli. Nikamwambia ndiyo maana nimeleta uji, tatizo ni kwamba yeye ana meno na bado hawezi kula. Akanyoosha mkono. Tulikula bakuli moja, yeye funda, mimi funda, na kila nilipokunywa sana alininyang'anya. Bibi alipoingia alimkuta analamba vidole. Alisema tu, "Mwache mkeo akulishe vizuri," akatoka nje haraka. Dresa aliniambia baadaye kwamba alimkuta bibi ameketi chini nyuma ya banda, kanga usoni, mabega yanatikisika.

Wengine walipopona walipanda gari moshi wakaenda zao. Babu hakwenda. Alihamia barazani kwetu akajifunza kushona makubadhi, na watu walinunua, ingawa nilimtangazia mtaani kote kwamba fundi wetu huvaa kiatu kimoja tu. Alinijibu kwamba kingine ananiwekea mimi, cha kunichapia. Miaka ile ilikuwa mizuri, nakwambia. Tulikuwa na vyakula vya kawaida na kelele nyingi, na jioni mama wa Kingoni alikuja kukaa naye barazani. Walishapatana, akawa anaruhusiwa kumtukana kama shemeji.

Nilipoolewa ndipo alipolipiza yote. Bwana harusi amekuja na kanzu yake na wazee wake, vigelegele vinapigwa, babu amelala chali mlangoni, gongo lake kifuani. Akasema mke wake hatoki. Wakaleta kilemba, akakataa. Wakaleta kitambaa cha kanzu, akakataa. "Mimi nimebeba mizigo ya wazungu mpaka mguu umekwisha," akasema. "Leo mzigo ni mimi. Anayemtaka huyu abebe."

Mume wangu akachuchumaa. Akambeba mgongoni, akamzungusha mtaa mzima, babu anampiga kwa gongo na kumhimiza kama nyapara, watoto nyuma yao wakiimba. Walipofika mlangoni bwana harusi alikuwa hoi, kanzu imelowa jasho. Mimi ndani ya shela, mahali bibi harusi anapotakiwa kuinama na kulia, nilicheka mpaka shoga zangu wakanifinya. Babu alipotuliwa chini aliniangalia. Hakutania. Alisema tu, "Huyu atakubeba," na nikalia kama inavyotakiwa.

Sasa pale palipokuwa na mabanda ni maduka juu ya maduka, na siku hizi neno utani nalisikia kwenye mpira tu. Vijana wanaogopa kumwambia mgonjwa neno lolote isipokuwa pole. Siwalaumu, hawakufundishwa. Lakini inaniuma kwamba mtu anaweza kulala wodini mjini hapa mwezi mzima, na asipate hata mmoja wa kumwambia kwamba ni mvivu.

Kila tunaposoma dua ya marehemu wetu, babu hutajwa mara baada ya bibi. Jina tunalomtaja tulimpa sisi, maana la kwao lilitushinda kulitamka. Wajukuu zangu huitikia amini na wanajua huyo ni babu wa ukoo, na mimi sijawasahihisha. Binti yangu mkubwa, ambaye alimwona kwa macho yake, huapa kwamba mwanawe wa mwisho amechukua kidevu cha yule mzee. Nami nikimtazama mtoto, nakiona.